Mihuri Sita

Kwa miaka yote niliyomjua, Koko alikuwa na sentensi moja tu kuhusu baba yake: "Alitukimbiaka." Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anavyosema kwamba mwaka fulani mvua ilichelewa.

(Wasomaji wa Tanzania na Kenya mnivumilie. Koko kwetu ni nyanya, na huyu wangu ni mama mzaa mama. Nikimwita bibi, watu wa Goma watafikiri ninazungumza juu ya mke wangu, na mke bado sina.)

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Baba yake alikuwa mkulima huko Gishari, milimani Masisi. Njaa kubwa ilipokuja alimwacha mke wake na mimba, akarudi kwao Rwanda, akaoa mwingine, basi. Koko alizaliwa yule mwanaume ameshaondoka. Mama yake naye akafa Koko akiwa na miaka kama minne, akalelewa na shangazi, dada ya huyo baba. Shangazi ndiye aliyemwambia kwamba alikimbiwa. Akikataa kuchota maji anaambiwa: una miguu ya baba yako, nawe utatoroka tu.

Nilikua na hadithi hiyo nikaiona ya kawaida. Wanaume wa familia yetu wengi wameondoka, wengine kwa vita, wengine kwa sababu zao. Mmoja zaidi hakunishangaza.

Jambo lilianza darasani. Jumamosi huwa tunasoma Kiingereza kwenye ukumbi mmoja huku Nsambya, sisi Wakongomani, Warundi na Wasomali wachache. Mwaka fulani tulikuwa na mwalimu wa kujitolea, mama mtu mzima kutoka Wales. Siku moja alileta kompyuta yake akatuonyesha babu wa babu yake, mkulima maskini aliyekodi shamba dogo na akafa kabla ya kufika miaka thelathini. Hakuna picha ya mtu huyo. Hata hivyo mwalimu alimjua vizuri kuliko mimi ninavyowajua watu niliokula nao. Kwao vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa serikalini tangu mwaka 1837, na kila miaka kumi watu walihesabiwa nyumba kwa nyumba. Basi alituonyesha: hapa ni mtoto, hapa ni kijana anayefanya kazi kwenye shamba la mtu, hapa ana mke. Hesabu iliyofuata, mke ameandikwa mjane.

Shida yake kubwa, alisema, ni majina. Zamani Wales mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, hapakuwa na jina la ukoo. Baadaye walipolazimika kuwa na majina ya ukoo, wengi wakaangukia yale yale machache, Jones, Davies, Williams, mpaka kijiji kizima kinaitwa Jones. Nikacheka, maana sisi tuna shida ile ile kwa kinyume. Kwetu Wanyarwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Mimi silingani jina na baba, baba halingani na babu. Ofisi zote nilizopita, tangu Kisoro hadi hapa Kampala, wameniuliza kwa nini ndugu watatu wa tumbo moja wana majina matatu. Wengine waliuliza kwa upole, wengine kama wamekamata mwizi.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuchora mti wa familia. Nilijaza vizazi vitatu, nikafika kwa baba wa Koko, nikakwama. Nikaandika: alikimbia.

Nyumbani nilimwambia mama. Akasema, "Lakini buku yake si iko?"

Kumbe ilikuwepo. Julai 2012 tulivuka Bunagana kwa mguu, usiku, wakati M23 wanauchukua ule mji. Mama alibeba mtoto na sufuria. Mimi nilibeba godoro mpaka likanishinda. Koko alibeba mfuko wa plastiki aliouficha ndani ya kitenge, na tangu Nyakabande hadi Rwamwanja, hadi chumba chetu cha Kampala, hakuna aliyeufungua. Nilidhani ni rozari na picha za harusi. Ndani yake kulikuwa na kitabu kidogo cha jalada gumu, kimeliwa na mende pembeni. Kitambulisho cha wakati wa Wabelgiji. Wazee walikiita buku, na kila mwanaume mzima wa kiafrika alitakiwa kuwa nacho.

Kimeandikwa kwa Kifaransa. Jina lake. Mahali pa kuzaliwa: Rwanda, na jina la kilima. Amezaliwa "karibu na 1917", maana yake karani alimtazama usoni akakadiria. Kazi: mkulima. Kuna mstari wa kabila pia, lakini huo sitauandika hapa. Hili jarida linasomwa na watu wa pande zote, na neno lile moja limeshafanya kazi ya kutosha.

Kurasa za nyuma ni za kodi. Kila mwaka aliolipa kodi ya kichwa aligongewa muhuri. 1938, 1939, 1940, 1941, 1942, 1943. Baada ya hapo kurasa ni tupu.

Nitaeleza kidogo alifikaje pale, maana hata vijana wetu wengi hawajui, na hiki ndicho kisa tunachotupiwa mawe nacho. Mwaka 1937 Wabelgiji walianzisha mpango wa kuhamisha Wanyarwanda kwenda Kivu. Walikuwa wanatawala pande zote mbili, Kongo kama koloni lao, Rwanda kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa ule wa kwanza. Rwanda walisema watu wamejaa na njaa hazikomi. Masisi walitaka mikono ya kazi. Ardhi ilikuwa ya machifu wa Wahunde, nao hawakuulizwa jinsi mtu anavyoulizwa anapoweza kukataa. Mpango uliendelea mpaka 1955 na watu makumi ya maelfu wakahamishwa. Ofisi yao ilikuwa inaitwa Misheni ya Uhamiaji wa Wanyarwanda. Koko anasema mama yake alimwambia walifika wakati mlima unawaka usiku. Hilo linalingana kabisa: Nyamulagira ililipuka Januari 1938, ikamwaga moto mpaka 1940, na mto wa lava ukafika ziwani karibu na Sake.

Kwa hiyo alifika akiwa na miaka kama ishirini na moja. Akapewa msitu, siyo shamba, akaukata mwenyewe. Mihuri sita ni misimu sita ya mbaazi, viazi na maharage kule juu kwenye baridi. Na siyo siku zote alikuwa kwake: mkulima alidaiwa siku sitini za kazi ya lazima kwa mwaka, na mwaka 1942, kwa ajili ya vita ya Wazungu, zikapandishwa hadi 120. Hesabu mwenyewe zinabaki siku ngapi za kupalilia.

Nilikaa na ile buku wiki nzima. Mwanzoni nilifikiri mihuri inaunga mkono hadithi ya shangazi. 1943 na 1944 ndiyo ile njaa ya Rwanda inayoitwa Ruzagayura, iliyoua watu kwa maelfu mengi. Analipa kodi ya 1943, njaa inakuja, anapotea. Sawa.

Halafu usiku mmoja, umeme umekatika, nimelala macho wazi, nikajiuliza swali la kijinga kabisa: kama alikimbia, kwa nini buku iko kwetu?

Wakati ule mwanaume hakutembea bila buku. Askari akikukuta njiani bila hiyo karatasi yenye mihuri ya kodi, unafungwa. Kuvuka kutoka Masisi mpaka Rwanda, kupita vizuizi, ukafike kilima kipya ukaoe, bila buku? Sisi wakimbizi tunajua jambo hili kuliko mtu yeyote. Mtu anayekimbia anaacha godoro. Karatasi haachi. Koko mwenyewe aliacha nyumba.

Nilimpigia binamu yangu anayefundisha katekisimu kwenye parokia moja ya kule milimani. Ilikuwa kabla barabara haijafungwa tena. Nilimwomba atafute vitabu vya zamani vya Mapadri Weupe. Akaniuliza kama nina akili timamu. "Batu balichoma hata milango," alisema, "weye unauliza vitabu?" Na kweli ningeweza kukuta majivu. Kanisa kuu la Goma liliungua kwa moto wa Nyiragongo Januari 2002, na parokia nyingi za Masisi zimeporwa zaidi ya mara moja. Lakini mapadri wale walikuwa watu wa kuandika, na kuna katekista mzee, hayupo tena, ambaye kila vita ilipokuja alikuwa anafunga vitabu kwenye hema la plastiki na kuvizika chini ya jiko. Wakati wengine wanaficha mbuzi, yeye anaficha orodha ya wabatizwa.

Baada ya wiki tatu picha zikaanza kuingia kwenye simu yangu, moja moja, kulingana na mtandao wao na bando langu.

Ya kwanza ilikuwa ya ndoa, 1941. Jina lake, jina la mkewe, na majina ya wazazi wa pande zote mbili. Pale nilipata jina la mama yake, mwanamke ambaye hakuna mtu hai katika familia yetu aliyewahi kumsikia. Niliketi nalo kwanza, sikumwambia mtu.

Ya pili ilikuwa ubatizo wa Koko mwenyewe, Machi 1944. Kilatini. Mtoto wa kike, namba yake, wa fulani na fulani, na mbele ya jina la baba neno moja: *defuncti*. Nilimpelekea padri mmoja Mkongomani anayesoma hapa Kampala. Hakuhitaji kamusi. "Wa marehemu," alisema. "Baba alikuwa amekwishakufa."

Hapo ningeweza kusherehekea, lakini nimeishi ofisini muda mrefu mno. Mwanamke aliyeachwa anaweza kumwambia padri kwamba mume amekufa, kuepuka maswali. Mimi ningefanya hivyo. Nikamrudia binamu: kuna kitabu cha wafu? Kimya, mwezi mzima. Nilidhani amechoka nami. Kumbe simu yake ilichukuliwa njiani.

Picha ya tatu ilikuja kutoka namba nyingine. Ukurasa umekula maji, upande mmoja hausomeki. Lakini mstari wake unasomeka. Januari 1944. Jina. Umri karibu 26. Mume wa, na jina la mama yake Koko. Amepakwa mafuta ya wagonjwa. Amezikwa kwenye makaburi ya misheni. Sababu ya kifo haikuandikwa, na sitaibuni. Njaa, homa, mapafu, kazi za vita, vyote vilikuwa vinaua pale.

Hakukimbia. Alikuwa amelala umbali wa kutupa jiwe kutoka kanisa ambalo Koko alibatizwa wiki chache baadaye, akapata komunyo ya kwanza, akaolewa.

Sasa, kuhusu shangazi. Amekufa 1979 na hawezi kujitetea, kwa hiyo nasema polepole. Alijua. Dada hawezi kutojua kaka yake alizikwa wapi. Nilimuuliza Koko kwa mbali, kama mazungumzo tu, lile shamba la baba yake lilienda kwa nani. Akajibu bila kufikiri: kwa bwana ya shangazi, nani mwingine? Basi nikaelewa, au nadhani nimeelewa. Mtu aliyekufa ana mrithi, hata akiwa mtoto wa kike bado kuna wazee wa kuuliza atapata nini. Mtu aliyekimbia ameacha shamba, na anayelima ndiye mwenyewe. Labda pia ilikuwa njaa, na shangazi alikuwa na watoto wake wa kulisha, na uwongo ule ulikuwa na maana kwa mwaka mmoja tu halafu ukashindikana kuurudisha. Buku hakuichoma. Alipokufa mtoto wake ndiye aliyemletea Koko, imefungwa kwenye kitambaa, bila neno lolote. Koko hajui kusoma. Mama yangu anajua, lakini aliisoma kama sisi wote tunavyosoma vitambulisho: jina, mwaka, funga.

Tatizo lilikuwa mama. Nilipomwambia nataka kupeleka zile karatasi Nasser Road nikazichapishe vizuri, nizitie plastiki, nipeleke nakala kwa ndugu walioko Nakivale na Goma, alikataa kabisa.

"Utamuonyesha nani?" aliniuliza. "Batasoma mustari ya kwanza tu. Kuzaliwa: Rwanda. Batasema, si tulibaambia?"

Nikamwambia mstari wa kwanza ndiyo, lakini kuna mihuri ya 1938. Alijua sheria kuliko mimi. Alikuwa msichana wa shule wakati sheria hizo zinageuka kama shati. Ya 1972 ilisema Wanyarwanda waliokuwa Kivu kabla ya Januari 1950 ni raia. Ya 1981 ikafuta, ikataka uonyeshe mababu waliokuwepo tarehe 1 Agosti 1885, kabla hata Mbelgiji hajaweka mguu Masisi. Ya 2004 ikarudi kwenye mwaka wa uhuru, 1960. Kwa sheria ya kwanza hii buku ni dhahabu, kwa ya pili ni hukumu. Karatasi ile ile, mtu yule yule, na muda wote huo yuko kaburini na hajahama hata hatua moja.

"Na tena," mama akaongeza, "kitu chochote kikitoka Nasser Road nani ataamini ni cha kweli?" Hapo alinishinda, tukacheka wote wawili. Wakazi wa Kampala wanajua kwa nini.

Hatujakubaliana mpaka leo. Nakala ziko kwenye simu yangu na ya dada yangu. Buku imerudi kwenye mfuko. Nyaraka kubwa za ule mpango ziko Brussels na siwezi kusema nitafika huko, mwenye kujua pasipoti ya mkimbizi anaelewa.

Kitu nilichoshindwa kukizuia ni Koko. Mama aliogopa moyo wake, ana miaka zaidi ya themanini. Mimi niliona kwamba mwenye mali ni yeye. Jumapili moja baada ya misa nilimkuta nje ya chumba chetu. Mama amepanda mboga kwenye magunia pale, zile ambazo kwetu ni lengalenga na Waganda wanaziita dodo, na Koko ndiye anayezipalilia kwa kijiko. Katika familia yetu nzima ndiye pekee aliyebaki mkulima.

Nikamwambia. Nilianza na ndoa, nikaja ubatizo, nikaja kitabu cha wafu. Nilimsomea Kilatini kwanza kwa sababu nilitaka asikie jinsi kilivyoandikwa, kisha nikatafsiri. Alikuwa anaendelea kung'oa majani. Nilipofika kwenye umri akasimama.

"Ishirini na sita?"

"Karibu ishirini na sita, Koko."

"Alikuwa mutoto," alisema. "We mwenyewe uko na ngapi?"

"Thelathini na moja."

Akanitazama kuanzia miguuni, kama anapima. Halafu nikamtajia jina la nyanya yake, lile la kwenye kitabu cha ndoa. Alilirudia mara mbili. Alisema ni jina zuri, la kizamani, siku hizi hakuna anayelitoa kwa mtoto. Hakulia. Juu ya shangazi hakusema neno, nami sikuuliza.

Baada ya chai aliniambia nimpigie binamu. Nilidhani anataka kumshukuru. Alichukua simu kwa mikono miwili akamuuliza makaburi ya misheni bado yapo. Binamu akamwambia, yapo lakini hakuna misalaba tena, na mikaratusi imeota kila mahali, na kwa sasa hawezi kufika huko, barabara ni mbaya.

"Ile sehemu najua," Koko alimwambia. "Tulikuwaka tunapita pale kila yenga, tunatoka kuteka maji. Sikiya, papa. Ukitoka mulango ya kanisa, usifuate njia ya bamasista. Shika mukono ya kushoto." Akaendelea kumwelekeza, jiwe kwa jiwe, mpaka dakika zangu zikaisha, akanituma dukani nikanunue nyingine.